Sola Iliyoelekea Kibla

Mama hanipigii simu akiwa na shida. Paa lake ndilo huniambia. Tangu nyumba yetu ya Isiolo ilipowekewa sola mpya, nina programu kwenye simu inayochora umeme wa siku nzima kwa mstari mmoja: unaanza chini alfajiri, unapanda polepole hadi mchana, kisha unateremka jua likienda kutua. Mimi niko Nairobi, nimemaliza chuo, natafuta kazi. Katikati ya kuandika maombi naufungua mstari huo, nione kama kwetu kumetulia. Ukikatika saa sita mchana, naacha kuandika. Nampigia Mama.

"Ni wingu," ananiambia. "Kwani huko Nairobi hamna mawingu?"

Majuzi mstari ulilala chini asubuhi yote. Mama alipopokea simu nilikuwa tayari nimeshamzika mtu mmoja na kuteketeza nyumba nzima kichwani mwangu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za nyundo. Fundi alikuwa amezima kila kitu, Mama akaniambia, ili washushe zile sola mbili za kwanza, za wakati wa Ayeeyo. Zimechoka, vioo vyake vimeingia ukungu, na vyuma vilivyozishikilia vimeliwa na kutu. Akauliza kama nilikuwa na jambo lingine. Nikasema hapana. Kisha nikakaa kitandani nikalia kidogo kwa ajili ya vyuma vyenye kutu, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu unayeishi naye chumba kimoja.

Ayeeyo alikuwa nyanya yangu, mama yake baba. Hayupo tena. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekulia nyuma ya ngamia kabla ya kuolewa mjini, katika ukoo ambao babu yao aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza na wajukuu wakaishia kuwa watu wa malori. Katika nyumba yake kila kitu kilijua kibla kiko wapi. Vitanda viliwekwa ili mtu asinyooshe miguu kuelekea huko. Choo kilijengwa ili kikipe kibla ubavu. Kuku alichinjwa akielekezwa huko, na ukimfunga mbuzi vibaya siku ya kuchinja ulisikia jina lako likiitwa kutoka chumba cha mwisho. Kwetu kibla ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, karibu sawa na barabara ya Marsabit, na baba yangu aliendesha lori barabara hiyohiyo mpaka Moyale. Kwa hivyo nikiwa mdogo niliamini kwamba vitu vyote vizuri hukaa upande mmoja: Mungu, Baba, na biskuti za Moyale.

Mama aliuza maziwa ya ngamia. Yalifika asubuhi kwa pikapu kutoka malishoni upande wa Kulamawe, ndani ya jerikeni za manjano zilizofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike njiani. Harufu hiyo ya moshi na maziwa ilikuwa kwenye nguo zake, kwenye nywele zake, kwenye daftari zangu za shule. Alifungua kila jerikeni, akanusa, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akaamua. Mazuri yaliingia kwenye friza yakapoe, na jioni yalipanda basi la Nairobi. Tatizo lilikuwa stima, ule umeme wa mji. Ilipotea bila kuaga na kurudi ilipotaka, na maziwa hayamsubiri mtu. Baba alipoona Mama akimwaga ya watu mara kwa mara, alileta sola mbili na betri, zimefungwa kwa mablanketi kati ya magunia ya lori, kama bibi harusi.

Nakumbuka siku fundi alipokuja kuzifunga. Alikuwa kijana wa Kimeru mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua lile. Alitaka kuzilaza juu ya bati kama lilivyo. Ayeeyo alikuwa amesimama chini, mkono umeshika kiuno.

"Hiyo kioo inaangalia wapi?"

"Juu, nyanya."

"Juu ni wapi? Juu ni kubwa. Iinue ielekee kibla."

"Kibla ni wapi?"

Ayeeyo akamwonyesha kwa kidevu. Fundi akatazama juu, akatazama alikoonyeshwa, akakuna kofia. Ulikuwa msimu ule wa katikati ya mwaka ambapo jua la mchana hupita upande wa kaskazini. "Kwanza hata jua liko huko," akasema. "Sawa tu."

"Kitu kinapokea neema ya Mungu kila siku," Ayeeyo akamwambia Mama, "halafu kimpe mgongo? Katika nyumba yangu?"

Fundi akachomelea vyuma vya kuziinua, akaziegemeza vizuri, zikasimama juu ya paa letu kama watu wawili waliokaa kusubiri hotuba.

Nazo zilifanya kazi. Ukutani, karibu na friza, fundi aliacha kisanduku kidogo chenye taa tatu: kijani betri ikishiba, manjano ikiwa nusu, nyekundu ikiwa na njaa. Kazi ya kuangalia taa nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa naiangalia hata bila kupewa. Nilipita pale nikienda kunywa maji, nikirudi kunywa maji, nikatafuta sababu za kunywa maji. "Kijani," nilitangaza, na Ayeeyo akajibu kutoka chumbani, "Alhamdulillahi."

Mama alijifunza tabia za umeme ule kama mtu anavyojifunza tabia za mkwe. Alipanda ngazi alfajiri na kitambaa chenye maji akafuta vumbi kabla vioo havijapata moto. Simu za majirani zilichajiwa mchana tu. Jua likiwa kali alijaza chupa za maji kwenye friza zigande, ili jioni barafu iendelee kufanya kazi betri ikipumzika, kisha akaifunika friza kwa blanketi bila kuziba mgongo wake wenye moto. Maziwa yalikaa. Wanawake wa malishoni wakaanza kuambiana. Kila mgeni aliyekuja kushangaa, Ayeeyo alimpokea na maelezo yaleyale: "Nilimwambia fundi. Kitu kikielekea kwa Mungu hakikosi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniingia.

Mwaka huohuo nilikuwa naanza kuswali kwa kufuatana, mswala wangu mdogo kando ya ule wa Ayeeyo. Nilijua maneno. Sikujua la kufanya na kichwa changu. Nikiwa kwenye sijda niliona uzi uliochomoka kwenye mswala, nikajiuliza ukivutwa utafika wapi, nikajiuliza kama sisimizi wakipita chini ya paji la uso wanaona giza, nikajiuliza kama nimehesabu rakaa au nimehesabu sisimizi. Ayeeyo alinigundua. "Uso umeelekea," aliniambia mara moja, bila ukali, akikunja mswala wake. "Moyo nao umeenda wapi? Mungu anaangalia huo."

Mtoto mwingine angesahau. Mimi niliyachukua maneno yale mawili nikayaunganisha kama fundi alivyounganisha waya. Kitu kikielekea kwa Mungu hakikosi. Lakini kinaweza kuelekea kwa uso, na moyo ukawa kwingine. Nikatazama taa ya kijani nikafahamu, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote, kwamba kile kisanduku kilikuwa kinatupima sisi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, taa ilikaa manjano. "Ni mawingu," Mama akasema. Mawingu yakaondoka. Anga ikawa safi, bati likalia kwa joto, mchanga wa uani ukachoma nyayo. Taa ikabaki manjano mchana, na alasiri ikawa nyekundu. Mama akafuta vioo, akavifuta tena. Akakaza waya. Akaongeza maji ya betri. Akampigia Baba, na Baba akasema kwa sauti ya mtu aliye mbali kwamba labda betri zimezeeka, ingawa hazikuwa zimefikisha mwaka.

Maziwa yakaanza kuchacha kabla ya basi. Mama alikuwa akifungua jerikeni jioni, ananusa, anafunga kifuniko polepole kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mwenye maziwa mengi kuliko wote alikuwa Mama Qabale, Mborana mwenye kicheko kikubwa na ulimi usiopumzika. Ngamia wake walikuwa wazuri, na wanawake wengine walipeleka maziwa alikopeleka yeye. Alikuja mwenyewe siku moja, akakaa kwenye jerikeni tupu.

"Dada, ngamia wangu wanazaa, wanakula, wananyonyesha. Kila mtu anafanya kazi yake. Maziwa yakifika kwako yanakufa. Uliyaambia nini?"

"Ni sola. Tunaitengeneza."

"Ile inasali?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikia. Ijumaa nakuletea kama kawaida. Yakiharibika tena, namwambia dereva apite hapa asisimame. Wale wengine watafanya wanavyotaka, lakini unajua watafanya nini."

Alipoondoka, Mama alimwendea Ayeeyo. Nilikuwa mlangoni. "Tuigeuze tu," Mama akasema. "Tujaribu."

"Ilifanya kazi ama haikufanya?"

"Ilifanya."

"Ikiwa imeangalia wapi?"

"Hukohuko."

"Basi si upande." Ayeeyo akarudi kwenye tasbihi yake. "Katika nyumba hii hakuna kitu kitageuzwa."

Nilikubaliana naye kabisa. Vumbi lilifutwa. Waya zilikazwa. Betri zilinyweshwa. Upande ulikuwa sahihi. Ukiondoa kila kitu, kinachobaki ni nini? Nilibaki mimi, ninayesimama mbele ya Mungu nikifikiria sisimizi. Nikaanza kurudia. Kila swala nikaiswali na Ayeeyo, kisha nikaiswali tena peke yangu nyuma ya tangi la maji, na nikiwaza kitu katikati nilianza upya. Nilitia udhu mpaka vidole vikakunjamana. Kila nikitoa salaam nilikimbia kuangalia taa. Mara moja, baada ya kurudia adhuhuri, niliikuta ya kijani. Leo najua Mama alikuwa amechomoa friza ili aisafishe, na betri haikuwa na mtu wa kulisha. Lakini mtoto aliyepata ushahidi haulizi mwingine.

Ijumaa ikafika, na jerikeni za Mama Qabale zikafika. Mama alizipanga kwenye friza. Taa ilikuwa manjano. Baada ya adhuhuri nikatandika mswala wangu uani, nyuma ya tangi, katikati ya jua, kwa sababu niliona kivulini ni raha mno. Sijui nilikuwa nimeanza upya mara ngapi. Najua mchanga ulikuwa unapitisha moto kwenye mswala, na kwamba nilikuwa nalia huku nasoma, na kwamba kulia nako kulikuwa ni kuwaza kitu kingine, kwa hivyo ilinibidi nianze tena.

"Unaswali nini?"

Ayeeyo alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Adhuhuri umeswali na mimi. Hiyo ni ya nani?"

"Ya maziwa," nikasema.

Akaweka birika chini. Nikamweleza yote: kisanduku, taa, uso na moyo, sisimizi, Mama Qabale. Nilimwambia kwamba nikiswali moja tu vizuri, moja tu, taa itakuwa kijani na dereva atasimama. Hakucheka. Laiti angecheka.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe."

Kuna nyuso ambazo mtoto haelewi akiziona, anazihifadhi tu. Nimeutazama uso ule mara nyingi tangu siku hiyo. Sasa nadhani ulikuwa uso wa mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakirudi nyumbani yakiwa yamembeba mtoto wa watu mgongoni. Alitazama chini. Alitazama kwa muda mrefu, na nikafikiri ananikasirikia, mpaka nikaona anachotazama. Ni kivuli changu. Kilikuwa kimelala mbele yangu juu ya mswala, kifupi, kichwa chake kikielekea pale nilipokuwa nasujudu.

"Kivuli chako kiko wapi?"

"Hapa mbele."

"Mbele ni wapi?"

"Kibla."

"Na jua?"

Nikageuka, likanipiga machoni. "Mgongoni."

Malishoni, kabla ya saa za ukutani, Ayeeyo alikuwa akisimamisha fimbo mchangani ili ajue adhuhuri imeingia. Alijua vivuli kama Mama alivyojua maziwa. Alijua kwamba kuna miezi kivuli cha mchana hulala upande huu wa fimbo, na miezi hulala upande ule. Maisha yake yote alikuwa akilijua jambo hilo, na hakuwa amelipandisha juu ya paa. Alipandisha macho sasa. Zile sola mbili zilikuwa zimekaa wima zikitazama Marsabit kwa adabu, na jua lilikuwa nyuma yao likiunguza bati tupu.

"Ee," akasema taratibu. Kisha kwa sauti ya kuita watu wa boma la pili: "Leta ngazi."

Mama akatoka jikoni. "Ngazi ya nini?"

"Hizi zimeligeuzia jua mgongo."

Mama akaangalia paa, akaniangalia mimi na uso wangu uliojaa machozi na mchanga, akamwangalia mama mkwe wake. Akavuta shashi lake la kichwani likamfunika mdomo.

"Cheka tu," Ayeeyo akamwambia. "Najua unataka. Cheka halafu upande."

Mama akapanda na spana ya lori, gauni limefungwa magotini. Ayeeyo alikuwa chini akiongoza, kivuli cha fimbo aliyoisimika mchangani kikiwa ndiyo ramani. "Zungusha. Bado. Zungusha. Wewe unazungusha sola ama unacheza ngoma?" Nati moja ilikataa, Mama akaipiga kwa nyundo mpaka mtaa mzima ukajua. Mimi nilishika miguu ya ngazi, na hata hapo sikuacha kuwa mimi.

"Ayeeyo, sasa zitakuwa zimekigeuzia kibla mgongo."

"Ngamia wangu walikuwa wakila majani na makalio yao yakiwa kibla," akasema bila kunitazama. "Na maziwa walitoa. Walioamrishwa kuelekea ni wewe na mimi. Kioo hakijaamrishwa kitu."

Niwaambie mapema, ili msipate wasiwasi kama wangu: jua la alasiri lilitosha. Maziwa yale yalipanda basi yakiwa baridi, na siku iliyofuata pikapu ilisimama kwetu. Mama Qabale alisema tu, "Kumbe yanaweza kuishi," na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sherehe. Tangu hapo zile sola ziligeuzwa mara mbili kila mwaka, kama watu wanaohama malisho, na Ayeeyo ndiye aliyetoa amri, akisimama uani na fimbo yake. Wageni hawakuelezwa tena habari za fundi.

Wenzangu tuliomaliza chuo pamoja, tunaokaa na simu mkononi tukingoja barua pepe ituambie kama tunafaa, mtanielewa nikisema kwamba sijapona vizuri. Bado napenda kisanduku chenye taa. Naweza kutazama mstari wa umeme wa nyumbani nikausoma kama hukumu, na maombi yakijibiwa kwa ukimya natafuta ndani yangu ni wapi nimewaza sisimizi. Najua si hivyo. Nilijua hata mwaka ule, baada ya ngazi. Kujua na kutulia ni watu wawili, na mara nyingi mmoja hufika bila mwenzake.

Ila kuna ile alasiri. Mama alikuwa bado juu ya paa akikaza nati ya mwisho wakati adhana ilipoita. Nikageuka kwenda ndani kuangalia taa. Ayeeyo akanishika bega.

"Leo huangalii."

"Kidogo tu."

"Mama yako ana macho. Njoo."

Tukaswali sebuleni, mlango ukiwa wazi, nyundo ikigonga juu ya vichwa vyetu. Niliwaza nyundo. Niliwaza maziwa, nikawaza dereva, nikawaza kama Mama angeteleza. Nikawaza kwamba nawaza. Kwenye sijda ya mwisho mkono wa Ayeeyo ulikuwa karibu na wangu, mishipa yake imesimama, vidole vimetulia, na kidole chake kidogo kilikuwa kimekanyaga ukingo wa mswala wangu, kama mtu anayeuzuia usipeperuke. Tukatoa salaam, kulia, kisha kushoto. Kutoka mahali nilipokaa ningeweza kuona kile kisanduku kama ningeinama kidogo tu. Ayeeyo alikuwa ananitazama. Hakusema swala yangu ilikuwaje. Alivuta mswala wake, akaukunja, akangoja.

Nikakunja wangu.